Chini Gani

Mfupa wa kale ukiugusisha ulimi, unanata. Wa juzi haunati. Hivyo ndivyo ndugu yangu Kiema alinifundisha mwaka wa 1972, na mimi nikawafundisha wanawake wengine kumi na mmoja wa Ikutha. Kwa miezi minne tulilamba mifupa pale korongo la Kavwea, mpaka watoto wetu wakakataa chakula ambacho tumeonja.

Kazi yenyewe ilikuwa ni kuchagua ndengu. Wanaume walichimba ukingo wa korongo, wakaleta mchanga kwa karai, sisi tukachekecha, tukamwaga kwa uteo, na vidole vikaanza. Jiwe huku, mzizi huku, mfupa huku. Kiema alikuwa amewajaribu wanaume kwanza wakashindwa. Mwanamume akishaona kokoto mia anataka kusimama anyooshe mgongo. Ndipo akaniambia, "Nitafutie wanawake ambao ndengu zao hazina jiwe." Nikaenda nyumba kwa nyumba, nikaangalia ndengu za watu.

Kiema ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tulizaliwa Mbooni, huko milimani, siku hizi wanasema ni Makueni lakini wakati wetu ilikuwa Machakos. Alipokuwa mdogo alitega ndege kwa ulimbo. Alichemsha utomvu ukawa mzito, akapaka kijiti, akaweka juu ya mti wa matunda. Ndege akitua, mguu unanata. Akipiga bawa ajitoe, bawa linanata pia. Wavulana wengine walikula ndege wao na kusahau. Kiema alihifadhi mifupa kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo na alijua kila mmoja ni wa nani. Mama alisema huyu mtoto atakuwa mganga.

Halafu mama akateleza na mtungi kwa ile njia ya mteremko, akavunjika nyonga. Mmoja wetu lazima abaki nyumbani amtunze. Mimi nilikuwa darasa la tatu, Kiema la kwanza. Hakuna mtu aliuliza nani. Sikulia, nilikasirika tu kwa sababu mwalimu ndio alikuwa ameanza kutufundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, na hesabu ya mwisho niliacha katikati. Kiema aliona vile nilifunga daftari. Alikuwa mtoto wa miaka saba, lakini aliona.

Nikaolewa na Mbuvi, nikateremka huku Ikutha kwenye joto na ng'ombe. Kiema akasoma. Mwaka wa 1966 akaajiriwa kuosha mifupa kwenye makavazi Nairobi, na wakubwa walipoona anaijua kuliko vitabu vyao, wakampeleka Uingereza. Alirudi na ndevu na tabia moja mbaya: ukimchinjia kuku, alikula halafu akapanga mifupa kwenye sahani, kichwa mpaka mkia, kama kuku yuko tayari kuondoka. Mbuvi alimwangalia akasema, "Shemeji, huyu kuku unamkula ama unamsoma?"

"Nimemaliza kumkula," Kiema akajibu. "Sasa ndio ananiambia."

Alinieleza kwamba wenzake wote wanatafuta mafuvu ya watu wa kale, kwa sababu fuvu linakuingiza kwa gazeti. Mifupa ya ndege hakuna anayeitaka. Ina shimo ndani kama bua la mtama, inavunjika, inapotea. "Basi mimi nimechukua kile wameacha," akasema. Mimi ndiye nilimwonyesha Kavwea, ambako wachungaji walikuwa wakiona mifupa kila mvua ikipita. Akaomba ruhusa, akaja na hema, na mzungu mmoja mzee ambaye ndiye alikuwa mkubwa wake.

Ukingo wa Kavwea una rangi tatu. Juu ni udongo mwekundu. Katikati ni wa kijivu wenye makonokono. Chini kabisa ni mweupe, mgumu, na Kiema alisema hayo ni majivu ya mlima uliolipuka miaka milioni nyingi kabla ya mtu yeyote. Kila mfupa lazima uandikwe umetoka rangi gani. Mfupa bila mahali pake, alisema, ni takataka.

Na kulikuwa na sheria moja: pale ni Kiswahili tu. Wafanyakazi karibu wote tulikuwa Wakamba, na Kiema aliogopa mkubwa wake aone ameleta ukoo wake kazini. "Hata wewe, Mama Kalunde," akaniambia, na Kalunde ni kifungua mimba wangu. "Hapa mimi si Kiema wa kwetu. Hapa ni kazi ya serikali." Mimi Kiswahili nilikijua cha kanisani. Naweza kuomba kwa Kiswahili kuliko kuomba chumvi. Lakini nikatii.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilisimama nikakung'uta leso, na pale karibu na mguu wangu, juu ya mchanga, mfupa umelala. Nikauokota, nikalamba. Ukanata. Ulikuwa wa mguu, na kule mwisho umegawanyika mara tatu pale vidole huanzia. Mtu yeyote ambaye amewahi kufukuza kanga kwa mtama wake angeujua. Nikampelekea Kiema mezani, alikuwa ameketi na mzungu na daftari.

"Ni mguu wa kanga," nikasema.

Akaugeuza. Akaugeuza tena. "Umeutoa wapi?"

"Chini."

"Chini?"

"Eeh, pale chini."

Uso wake ukabadilika. Akasema Kiingereza na yule mzee, wakasimama wote wawili, wakashikana mikono. Kiema akaandika kwa daftari. Mimi nikarudi kwa uteo wangu nikijiuliza Uingereza hawana kanga ama ni nini.

Miaka ikapita. Nilisikia Kiema amekuwa daktari, lakini si wa sindano. Mimi niliandikwa kuwa mlinzi wa Kavwea, niangalie mbuzi wasibomoe ukingo na watoto wasichezee mifupa. Mwaka wa 1978 akaja na kitabu kikubwa, amevaa suti kwa joto la Ikutha. Akakaa chini ya kivuli cha nyumba, akafungua ukurasa wenye picha. Nikaujua ule mguu mara moja.

"Huyu ndiye kanga wa zamani kuliko wote waliojulikana," akasema. "Na jina lake soma hapa."

Nikasoma polepole. Herufi zilikuwa zimelala upande na mwisho kulikuwa na mkia wa Kilatini, lakini katikati ni mimi. Muthoki. Jina langu, kwa kitabu cha Wazungu.

"Nilikuona vile ulifunga daftari," Kiema akasema. Mimi nikajifanya moshi umeniingia machoni, na moto haukuwa umewashwa.

Kisha nikamwomba anisomee yote, nielewe. Akatafsiri akisoma. "Mfupa huu ulichimbuliwa na Bi Muthoki Mbuvi kutoka tabaka la chini, la majivu meupe..."

"Hapana," nikasema. "Sikuchimbua. Niliokota."

"Ni njia ya kusema tu. Uliutoa chini."

"Niliutoa chini, eeh. Chini kwa mchanga. Ulikuwa umelala tu."

Akainua macho. Nikamwona anarudi nyuma, anatafuta ile Alhamisi.

Sasa niseme jambo ambalo msomaji wa mbali hawezi kulijua. Kikamba kina maneno mawili. Kitu kilicho ardhini, mbele ya macho, tunasema kiko nthi. Kitu kilicho chini ya kingine, kimefunikwa, tunasema kiko ungu. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuyachanganya. Lakini Kiswahili kinasema chini na chini. Kama ningemjibu kwa lugha ya mama yetu, ningesema nthi, na angejua mfupa umeanguka kutoka popote pale ukingoni, labda ni wa ule udongo mwekundu wa juu, labda ni wa juzi juzi tu, kwa hesabu yao. Mimi nilisema chini, yeye alisikia ungu. Na sheria ya Kiswahili ilikuwa yake.

Alifunga kitabu. "Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Mimi nilidhani mnajua."

"Usimwambie. Nitarekebisha mwenyewe."

Nikamngoja arekebishe. Mimi najua kungoja. Mtu wa Ikutha ambaye hajui kungoja mvua amehama zamani. Lakini badala ya marekebisho wakaja wageni. Walikuja na kamera na kofia, Wajapani, Wajerumani, walimu na wanafunzi wao, na kila mmoja alitaka kuona mama ambaye ndege ameitwa jina lake, na mahali aliutoa mfupa. Kiema aliandika barua: "Waonyeshe ule weupe. Si lazima useme kitu." Basi nikawa nasimama mbele ya ukingo, nanyoosha kidole kwa ule weupe, wanapiga picha. Nilijiambia mdomo wangu haujasema uongo. Ni kidole. Halafu Jumapili naingia kanisani na kidole hicho hicho nafungua nyimbo.

Kanisani nako walikuwa wamesikia. Mchungaji alinisimamisha mbele, akasema Mungu humwinua mnyonge kutoka mavumbini. Wakapiga makofi. Nilikaa chini nikiwa na jasho la mtu aliyeiba.

Mama yetu alipokufa mwaka wa 1984, mwaka wa ile njaa, tulikutana Mbooni kumzika. Kiema alikuwa sasa profesa, na amekonda kuliko sisi ambao hatukuwa na chakula. Tulipobaki wawili jikoni nikamuuliza, "Ile kazi uliniambia utarekebisha."

Alionyesha mafiga matatu kwa kidole. "Toa figa moja, uone."

"Sufuria itamwagika."

"Basi. Watu kumi na wawili wameandika juu ya ule mfupa, Muthoki. Mmoja Amerika amepanga safari ya kanga wote wa dunia, na safari inaanzia Kavwea. Nikisema neno moja, sufuria za watu zinamwagika. Na yangu."

"Mwaka wa 1978 ilikuwa yako peke yako."

"Ndio najua," akasema. "Mwaka ule ulikuwa umenata mguu tu kwa ulimbo. Nikasema wacha nipige bawa kidogo, nitatoka." Alicheka kicheko kidogo, kibaya. "Na wewe? Ule mguu wa kanga ukitoka, jina lako linatoka. Hawatabakisha."

Nitasema ukweli, lilikuwa limenifurahisha, lile jina. Nilikuwa na watoto saba na mtaro wa mawe niliojenga kwa mikono yangu, lakini jina kwa kitabu ni kitu kingine. Hicho ndicho kilikuwa chambo changu mimi. Wanasema mtego wa panya huingia aliyekuwemo na asiyekuwemo. Mimi nilikuwemo.

Mwaka wa 1991 akaja Shufaa.

Alikuwa binti ya Abdulkadir, wa duka la nguo Mwingi, mwanafunzi wa Kiema kwa shahada ya udaktari. Alikuja na buibui, viatu vya mwanajeshi na barua ya Profesa. Alikaa kwangu wiki sita. Aliniita Susu siku ya kwanza, yaani nyanya, na kwa Kikamba kizuri, kwa vile Mwingi ndiko alizaliwa. Nilimpima kwa ndengu. Aliniachia mawe tisa.

"Tisa?" akasema. "Susu, umeweka mengine wewe."

"Mimi nitaweka jiwe kwa chakula changu nikutafutie aibu?"

"Baba anasema Mkamba akikukaribisha, hesabu meno ukimaliza kula."

Nilimpenda. Alichimba vizuri, aliandika kila kitu, na alipolamba mfupa alifunga macho kama anaonja pilau. Mwisho wa wiki ya sita akapanga mikebe yake mezani kwangu. Mikebe ya tabaka jeupe, zaidi ya vipande mia nne: kwale, bata, korongo, njiwa. Mikebe ya udongo mwekundu: kwale tena, na kanga, kanga, kanga.

"Unaona, Susu? Kwa weupe hakuna kanga. Hata mmoja. Isipokuwa wako."

Nikaendelea kupepeta.

"Nimemwandikia Profesa mara mbili. Amerudisha kazi yangu mara mbili. Ameandika, 'Tafuta tena.' Ni mtu mwema, Susu, alinifundisha yote ninayojua, lakini hapa hataki hata kuzungumza. Chuo kimeniambia mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Akiikataa, miaka yangu minne imekwenda, narudi kupima kitambaa kwa duka." Akavuta kiti akakaa mbele yangu. "Nataka kukuuliza neno moja. Uliuchimbua ama uliokota?"

Nilitazama vile ameshika kalamu. Miaka minne. Mimi nilipoteza mitatu tu, na bado nakumbuka ile hesabu ya mwisho. Lakini Kiema ni damu yangu, na neno likitoka kwangu kwenda kwa mwanafunzi wake nyuma ya mgongo wake, nitakuwa nimemuuza. Nikikaa kimya, nimemuuza huyu. Nilikaa hapo na uteo kwa magoti na sikuona mlango.

"Nipe wiki moja," nikasema.

Hakusukuma. Nadhani alijua, tangu hapo.

Nikachukua karatasi ya daftari lake, nikaandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa: *Kiema. Njoo wewe. Kidole changu kimechoka. Muthoki.* Dereva wa gari la pamba akaipeleka.

Alikuja siku ya nane na Landrova ya makavazi. Alikuwa na mvi sasa, na miwani mbili, moja usoni na moja kifuani. Alikunywa maji, akamsalimu Shufaa kama ofisini, akauliza habari ya mikebe bila kuitazama. Kisha akasema twende korongoni. Tulitembea watatu. Jua lilikuwa limesimama juu na mbuzi wote wamejificha.

Tukasimama pale pale. Ukingo ulikuwa umerudi nyuma kidogo kwa mvua za miaka, lakini rangi ni zile zile.

"Mama Kalunde," Kiema akasema kwa Kiswahili, sauti ya profesa. "Mwonyeshe msichana mahali uliutoa mfupa. Amalize haya mambo."

Shufaa akafungua daftari. Wote wawili wakaangalia mkono wangu. Mkono ulikuwa umeshika leso na haukutaka kutoka. Wala sikuulazimisha. Sikuwa nimekuja kumvua nguo mdogo wangu mbele ya mtoto wa watu. Lakini kunyoosha kidole tena, hapana. Nikafanya kitu kimoja ambacho nilikuwa nacho. Nikamrudishia neno lake.

"Niliutoa chini," nikasema. Kama siku ile. Neno lile lile, kwa Kiswahili kile kile cha sheria yake.

Shufaa hakuandika. Akamgeukia mwalimu wake. Sasa kazi haikuwa yangu wala yake.

Kiema alitoa miwani. Akaifuta kwa shati, akaivaa, akaitoa tena. Alitazama ule weupe kwa muda mrefu, na mimi nilitazama shingo yake, vile imekuwa nyembamba, ile shingo nilibeba mgongoni kwa njia za Mbooni. Nilifikiri atasema, "Umesikia, andika tabaka la chini," na tutarudi nyumbani kula, na itabaki hivyo mpaka tufe.

"Muthoki," akasema. Na kwa mara ya kwanza pale Kavwea, akaniuliza kwa Kikamba. "Ungu kana nthi?"

Chini gani, hiyo ya kufunikwa ama hii ya ardhini. Miaka kumi na tisa nilikuwa nangoja kuulizwa.

"Nthi," nikamjibu. Nikainama nikaweka kiganja juu ya mchanga. "Vaa," yaani hapa.

Nikasikia kalamu ya Shufaa ikitafuta karatasi, halafu ikasimama. Hakujua kama anaruhusiwa.

"Andika," Kiema akamwambia. "Andika na tarehe. Na uandike ni mimi nilikosa kuuliza."

Hakukuwa na furaha, wala msidhani alitoka pale mtu mwepesi. Aliandika barua kwa majarida, na yale majarida yaliyomsifu kwa mistari kumi yalimlaumu kwa kurasa. Yule wa Amerika alimwita jina baya. Mfupa ulipimwa upya, ukawa wa kanga wa kawaida, mwenye umri wa miaka elfu chache, ndugu ya hawa wanaoiba mtama wangu. Ndege aliyeitwa Muthoki akafutwa. Shufaa ndiye aliniletea ukurasa, naye sasa ni Daktari Shufaa, na aliulaza mezani kwangu kama mtu anayeleta habari ya msiba. Jina limeandikwa bado, lakini mbele yake wameweka neno la kusema halihesabiki. Mchungaji sijamwambia. Nitamwambia.

Kiema aliacha uprofesa kabla ya wakati wake, akarudi Mbooni kwa shamba la baba, kwa maparachichi. Mwaka mzima hakujibu barua zangu. Nikasema sawa, mtu akitolewa kwa ulimbo anabakisha manyoya kwa kijiti, wacha yaote.

Mwaka jana nilipanda kumwona. Magoti yangu yalilalamika mlima wote. Alichinja kuku mwenyewe, akapika mwenyewe, vibaya. Tulipomaliza kula nilingoja aanze kupanga mifupa, kichwa mpaka mkia. Hakupanga. Aliokota mmoja tu, wa mguu, ule uliogawanyika mara tatu mwishoni, akaugeuza, akaugusisha ulimi. Akangoja kidogo.

"Haunati," akasema, akamtupia mbwa.